Jabali Lililojifunza Kuita Majina

Ninyi walimu vijana mnaochukua chaki dukani, tena mnanung'unika kwamba inavunjika, hebu niwaambie sisi yetu tulivyokuwa tukiipata. Tulichimba udongo mweupe kwenye makorongo, tukaukanda kwa maji, tukausokota vidole vidole, tukauanika juani. Ukiuanua mapema unaacha matope ubaoni. Ukiusahau unakuwa mgumu kama mfupa, na ukiandika unapiga kelele mpaka darasa zima linaingiwa na ganzi la meno. Mkubwa wangu wa kazi, Mwalimu Hemedi, alikuwa akiipima kwa ulimi. Ulimi usiponata, bado. Ulimi ukinata, tayari. "Mimi, Idi," alikuwa akiniambia huku akijifuta midomo, "nimekula chaki nyingi kuliko chumvi."

Huyo Mwalimu Hemedi ndiye nitakayewasimulia. Mmeniuliza historia ya shule yetu ya kwanza, ilikuwa wapi, ilifundisha nini, na kwa nini ilihamishwa. Wengi wanajibu kwamba ilihamishwa kwa sababu ya mchwa. Ni kweli, mchwa walikuwapo.

Mimi ni Idi bin Mabruki. Baba yangu alikuwa mpagazi wa misafara ya pembe. Siku mabega yalipomshinda akautua mzigo Mpwapwa, akaoa, akafungua kiduka cha chumvi na vitambaa, nami nikazaliwa hapo. Mjerumani alipotaka vijana wa kusomea ualimu nikapelekwa pwani, na nilipomaliza nikarudishwa bara kwa treni, kwani reli ilikuwa imekwisha kufika Dodoma. Mji wenyewe ulikuwa stesheni, boma, maduka machache na vumbi. Shule haikuwa mjini. Ilikuwa nje kidogo, ng'ambo ya hizi sehemu mnazoziita Chang'ombe, mahali ambapo wakati huo palikuwa na miiba na malisho tu.

Lilikuwa tembe moja refu, mfano wa nyumba za Wagogo wenyewe: kuta za miti na udongo, paa bapa la magogo, fito na udongo tena juu yake. Bwana Shauri wa boma, yule Mjerumani mkuu wa wilaya, ndiye aliyeamuru lijengwe. Tulimwita Bwana Saa, maana hakumaliza maneno mawili bila kuitoa saa yake mfukoni. Aliipenda shule kwa dhati, hilo namkubalia, lakini aliitaka haraka. Akamwagiza Jumbe Chedego alete watu wa kujenga, wakajenga kabla ya mvua kwa miti yoyote iliyopatikana, kwa sababu ile mizuri ilikuwa imekwisha kukatwa kwa kazi za reli. Kisha akamwagiza Jumbe Chedego alete na watoto. Jumbe alimleta kwanza mwanawe mwenyewe, Chisota, ili wengine wasipate la kusema.

Masomo yalikuwa hivi. Asubuhi kusoma na kuandika kwa herufi za Kizungu, halafu hesabu, halafu jiografia iliyoanzia Berlini na kuishia kwenye tangi la maji la stesheni yetu. Jua likipanda, gwaride na nyimbo za Kijerumani ambazo maana yake hatukuijua sisi wala wanafunzi. Alasiri jembe: pamba iliyokataa kuota, na miche ya miti iliyokufa kila kiangazi tukaipanda upya. Aliyefaulu alikwenda kuwa karani, au mtu wa simu stesheni, au mkalimani. Aliyeshindwa alirudi kwenye ng'ombe, na wengi walijitahidi sana kushindwa.

Mwezi wangu wa kwanza niliharibu kazi kabisa. Kitabu chetu cha kusomea kilitungwa na watu wa pwani, na ukurasa wa kwanza ulikuwa na samaki na bahari. Nikachora mawimbi ubaoni, nikaeleza kwa ufasaha wangu wote. Chisota akasimama. Alikuwa kijana mkubwa tayari, sauti imekwisha kuvunjika.

"Mwalimu, maji yote hayo, nani ameyachimba?"

Darasa likatulia kungoja jibu. Kwao maji ni kitu unachokifukulia mchangani, kwenye mto uliokauka, mpaka mikono inachubuka.

"Mungu," nikasema.

"Kwa jembe gani?"

Mwalimu Hemedi alikuwa amekaa nyuma akinisikiliza. Alicheka mpaka kofia ikamwanguka. Baadaye, tukiwa tunasokota chaki, akaniambia maneno ambayo mngefanya vyema kuyashika: "Usimpe mtu neno geni na kitu kigeni kwa pamoja. Mpe neno la kitu anachokijua. Andika ndama, andika kibuyu, andika uwele. Hiyo bahari itakuja siku yake." Kesho yake nikaandika ng'ombe, nikasahau ule mkwaju mdogo wa juu baada ya ng. Akanisimamisha mbele ya wanafunzi wangu mwenyewe na kuniuliza huyo mnyama anayeitwa "ngombe" anakula nini.

Alikuwa mtu wa pwani, mrefu, mwenye kanzu safi na koti la Kizungu juu yake hata kwenye joto. Sauti yake ndiyo iliyokuwa mali yake. Haikuwa kali, ila ilikwenda mbali, nzito na ya taratibu. Mkewe, Bi Zainabu, alikuwa akiisikia kila asubuhi kutoka uani kwake, akajua saa ya kubandika chungu.

Na kazi aliyoipenda kuliko zote ni kuita majina. Alijifunza majina ya Kigogo kwa bidii kuliko nilivyomwona mtu yeyote kutoka pwani akifanya. "Jina ndilo somo la kwanza," alisema. "Ukilivunja jina la mtoto, hatakuamini hata ukimwambia mbili na mbili ni nne." Alijua orodha nzima kwa kichwa. Wanafunzi walijipanga uwanjani, yeye anaita, kila mmoja anajibu "Hia!" kwa Kijerumani, maana yake nipo hapa, kisha anachukua nafasi yake mstarini. Na mimi nilikuwamo. Bwana Saa aliagiza kila mtu wa shule aitwe, kwa hiyo jina la mwisho lilikuwa "Mwalimu Idi!" nami naitika "Hia!" kama mtoto. Baada yangu anafunga kinywa, tunaingia darasani.

Sasa lile jabali. Uwanja wetu ulikuwa kati ya shule na jabali kubwa la kijivu, limepasuka katikati kutoka juu hadi chini. Wenyeji hawakujenga karibu nalo. Wachungaji walipolikaribia walizijaza majani kengele za ng'ombe zisilie. Wanawake waliotoka kuteka maji walikatiza mazungumzo, wakapita kimya, wakayaendeleza mbele palepale walipoyaachia. Nilipoliona jambo hilo mara kadhaa nikamuuliza Jumbe Chedego alipokuja kumtazama mwanawe. Tulisalimiana kwanza kwa Kigogo, mbukwenyi na kuitikiana, kisha nikasema:

"Jumbe, mnaogopa nini pale?"

"Hatuogopi," akasema. "Hatulipi lile jabali maneno yetu tu."

"Kwa nini?"

"Linayaweka."

Na mimi, msomi wa pwani, nikajua ni mambo ya mwangwi. Ulikuwa mwangwi mzuri kweli. Mwalimu Hemedi aliupenda. Alikuwa akiita majina akiwa amelielekea jabali, na kila jina lilirudi safi, herufi zote mahali pake. "Sikiliza," aliniambia, "lina matamshi bora kuliko yako."

Siku zikapita hivyo. Wa kwanza kugundua kasoro alikuwa yeye mwenyewe. Asubuhi moja, wanafunzi wamekwisha kuingia, aliniuliza kama nimeona kwamba jabali linachelewa.

"Linachelewa vipi, Mwalimu?"

"Zamani nikiita, linarudisha mara moja. Siku hizi linangoja. Kama mtoto anayefikiri kabla ya kujibu."

Nikasikiliza kesho yake, na ilikuwa kweli. Anaita, kimya kidogo kinapita, mwanafunzi anaitika, na ndipo jina linarudi kutoka kwenye ule ufa. Nikasema labda ni upepo umegeuka. Akasema labda.

Halafu ikaja siku ambayo Chisota hakuwapo. Mwalimu akaita, "Chisota wa Chedego!" Mstarini hakuitika mtu. Tukangoja jabali lirudishe jina. Halikulirudisha jina. Kutoka kule juu ilitoka sauti ya kijana, sauti nzito ya kuvunjika, ikasema:

"Hia!"

Wanafunzi wakaangua kicheko. Tulidhani Chisota amejificha juu ili acheze na mwalimu wake. Mwalimu Hemedi akawatuma wenye miguu mepesi wakamlete. Wakalizunguka jabali, wakapanda, wakashuka. Walikuta mijusi tu.

Kesho yake Chisota akaja na baba yake. Alikuwa ametumwa Gulwe, mbali huko mashariki, kwa mjomba wake, akarudi kwa treni ya jioni. Mwalimu Hemedi hakumkaripia. Alimuuliza taratibu jana asubuhi alikuwa akifanya nini.

"Nilikuwa namnywesha ndama, Mwalimu."

"Hukuona kitu chochote?"

Kijana akamtazama baba yake kwanza. "Nilikusikia unaniita. Nikaitika. Mjomba akanicheka, akaniuliza naongea na nani."

"Uliitikaje?"

"Hia."

Jumbe Chedego alikuwa amesimama pembeni akichora chini kwa fimbo yake. Hakusema kwamba alituonya, ingawa angeweza. Alisema tu, "Mwalimu, itia ndani." Na kuanzia siku ile Mwalimu Hemedi akawa anaitia majina ndani ya darasa, kwa sauti ndogo, ameligeuzia jabali mgongo. Nilimwona amepungua. Mtu aliyezoea kuimba ukimwambia anong'one, anakonda. Asubuhi moja nikamkuta peke yake dirishani, lile dirisha dogo lililotazama uwanja na jabali.

"Unasikia?" akaniuliza.

Sikusikia kitu.

"Sawa," akasema. "Ila limejifunza, Idi. Nimefundisha watu wengi, sijapata mwanafunzi kama huyu. Halikosi hata siku moja."

Alisema kwa mzaha. Mimi nikacheka kwa kuwa alitaka nicheke.

Mvua za mwaka ule zilikuwa nyingi kuliko kawaida ya nchi yetu. Ilinyesha mfululizo, udongo wa paa ukanywa maji, na kuta zikatoa harufu ya shimo. Kisha asubuhi moja ikakatika. Jua likatoka, ardhi ikaanza kufuka mvuke, na kila kitu kikatulia kwa namna ambayo hata nzi tuliwasikia. Tulikuwa katika imla. Mwalimu Hemedi alikuwa upande wa mbele na wakubwa, mimi upande wa mlango na wadogo, chumba ni kimoja. Alikuwa amekwisha kutamka sentensi, na wote walikuwa wameinamia vibao vyao wakiandika. Sauti pekee ilikuwa mikwaruzo ya kalamu za mawe.

Hapo jina la kwanza likaitwa.

Liliitwa kutoka uwanjani, kwa sauti ya Mwalimu Hemedi. Namaanisha sauti ile ya zamani, ya kifua wazi, ambayo hatukuwa tumeisikia tangu aanze kunong'ona. Mwanafunzi mwenye jina hilo akasimama, akaitika "Hia!" akaweka kibao chini, akatoka nje. Hakuwaza, na msimlaumu. Ndivyo tulivyowazoeza: ukisikia jina unasimama, unaitika, unakwenda mstarini.

La pili likaitwa. La tatu.

Nikamtazama Mwalimu Hemedi. Alikuwa amesimama mbele ya ubao, chaki mkononi, na kinywa chake kimefungwa. Wanafunzi waliokuwa mbele wakamtazama yeye, wakasikia jina lao linatoka nje, wakamtazama tena. Lakini miguu yao ilitii sauti. Wengine walitoka huku wamegeuza shingo, macho hayabanduki usoni kwake. Mmoja alianza kulia, akalia huku anaitika, akatoka. Na ile sauti haikuharakisha wala haikukosea. Ilingoja kila "Hia" ndipo iite jina jingine, na ilitamka kila herufi.

"Chisota wa Chedego!"

Chisota alisimama, akasita. Akamwambia Mwalimu Hemedi kwa sauti ya chini, "Mwalimu, niende?"

"Umeitwa," akasema Mwalimu. "Nenda."

Chumba kikawa kinatolewa watu kama gunia linavyotolewa nafaka. Tulipobaki wawili, nikasikia, "Mwalimu Idi!"

Ulimi wangu uliitika kabla yangu. Nikajikuta mlangoni. Nikageuka, nikamwita, "Mwalimu, njoo! Twende wote!" Yeye alikuwa ameiweka chaki, anakwenda, ila si kwangu. Alikuwa anakwenda dirishani.

"Ngoja nimwone," akasema. "Ngoja nimwone anayeita."

Akaegemea dirisha akatazama nje. Mimi nikatoka kizingitini, nikatazama kule alikokuwa anatazama. Niliuona mstari wa wanafunzi ulionyooka, na uwanja mtupu mbele yao, na mvuke, na jabali. Sikuona mtu. Nilipogeuza macho kwake, Mwalimu Hemedi alikuwa ameinua mkono wa kulia juu kidogo, hivi, kama mtu anayemwitikia mwenzake aliye mbali barabarani.

Tulingoja jina jingine. Hapakuwa na jingine. Orodha ile ilikuwa yake, na katika orodha yake yeye hakuwamo.

Paa likashuka.

Halikuanguka kwa kishindo kama mnavyodhani. Liliketi, lote kwa pamoja, taratibu, kama ng'ombe anayepiga magoti. Vumbi halikupanda kwa kuwa udongo ulikuwa na maji. Tulifukua kwa mikono na vibao vya shule, wakubwa kwa wadogo, na watu wa Jumbe Chedego wakaja mbio na majembe. Tulimkuta palepale dirishani.

Bwana Saa akafika na askari. Aliizunguka shule yake, akaitoa saa, akairudisha, akaitoa tena. Kisha akawapanga wanafunzi na kuuliza kupitia kwangu jambo ambalo mtu yeyote mwenye akili angeliuliza: imekuwaje nyumba imeanguka na hakuna mtoto aliyepata hata mkwaruzo?

"Tuliitwa," wakasema.

"Na nani?"

"Na Mwalimu Hemedi."

"Alikuwa wapi?"

"Nje."

"Na aliyekufa ndani ni nani?"

"Mwalimu Hemedi."

Akawauliza mmoja mmoja, na wote wakajibu hivyohivyo. Uso wake ukabadilika. Alisema hao wamefundishwa la kusema. Alisema wazee walioijenga hawakuitaka shule tangu mwanzo, wamezikata nguzo, na wametuma mtu awatoe watoto wao kabla. Askari wakamfunga kamba Jumbe Chedego na wajengaji wake, wakawaketisha chini juani. Viboko vikaletwa. Ninyi mlio wadogo hamjui maana ya mnyororo wa wafungwa wa zamani zile. Mzee wa umri wa Chedego asingerudi akiwa hai.

Chisota alinitazama.

Nikamwambia Bwana Saa, "Bwana Mkubwa, naomba uje uone nguzo." Nikampeleka penye nguzo iliyovunjika, nikaishika mahali ilipovunjika, nikaibonyeza. Vidole vikaingia kama katika unga. Mchwa weupe wakamwagika kiganjani mwangu. Akachukua fimbo yake akadunga nguzo nyingine, na nyingine. Zote zilikuwa ganda tu. Miti hiyo aliihimiza yeye ije upesi, hata ikiwa mibichi, na alilikumbuka hilo. Niliona analikumbuka.

"Na huyo aliyeita?" akauliza, sauti imeshuka.

Nilikuwa na muda mdogo sana wa kuchagua, nikachagua maneno ambayo mpaka leo siyaoni kuwa ya uongo. "Ni Mwalimu Hemedi aliyeita, Bwana. Aliita majina kwa utaratibu wa shule, kila mtu kwa zamu yake, bila kukimbizana mlangoni. Mimi nilikuwa wa mwisho kuitwa."

"Mbona amekutwa dirishani, si mlangoni?"

"Dirisha linatazama mstari, Bwana. Alikuwa anatuangalia."

Akasimama muda mrefu bila kutoa saa. Kisha akavua kofia, akaenda pale tulipomlaza Mwalimu na kumfunika shuka, akasimama wima mbele yake kama mbele ya ofisa. Aliporudi aliwaambia askari wawafungue wazee.

Jumbe Chedego alinikaribia akijisugua mikono. "Umemwambia nini?"

"Nimemwambia alituita."

"Ndivyo ilivyokuwa," akasema.

"Ndivyo."

Shule mpya ikajengwa karibu na reli, kwenye tambarare, kwa mawe na bati. Mimi nikawa mkubwa wa hapo, na kuita majina ikawa kazi yangu. Wanafunzi wangu wote, wakiwamo baba zenu, walinicheka kwa desturi moja: nikimaliza majina yote huita "Idi bin Mabruki!" kisha huitika mwenyewe. Walidhani ni wazimu wa uzee, nami wakati huo sikuwa mzee. Ninyi mnaoshika kazi hii nawasihi kwa dhati, jiiteni. Msiwe watu wa kuita wengine tu.

Limebaki la Bi Zainabu. Alipotoka eda alifunga mizigo arudi kwao pwani. Nilikwenda kumchukua nimsindikize stesheni, alasiri, jua bado kali. Mchukuzi akajitwika kisanduku chake akatangulia. Bi Zainabu akasema, "Mwanangu Idi, nipeleke kwanza pale."

"Mama, pale hapana kitu. Kifusi tu."

"Nipeleke."

Tukaenda. Majani yalikuwa yameota juu ya kifusi. Alisimama katikati ya uwanja, akalielekea jabali, akaitengeneza kanga yake kichwani kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba ya watu.

"Siku ile," akasema, "nilikuwa uani. Niliyasikia majina yote. Nikajua leo ameruhusiwa kuita kwa sauti yake, nikafurahi. Nikabandika chungu." Akanigeukia. "Yeye nani alimwita?"

"Hakuitwa na mtu, mama."

Akaitikia kwa kichwa. Akavuta pumzi, na kwa sauti kubwa, ambayo sikujua mwanamke yule mpole anayo, akaita:

"Hemedi bin Salimu!"

Nilingoja jina lirudi. Upepo ulikuwa umesimama. Mbali huko, mchungaji mmoja alisimamisha ng'ombe wake, akainama kuishika kengele. Jina halikurudi. Kikapita kile kimya ninachokijua, kirefu, cha mtu anayefikiri kabla ya kujibu. Kisha kutoka kwenye ufa, kwa ile sauti nzito ya taratibu, yenye uchovu kidogo kama ya mtu aliyewekwa akingoja muda mrefu, ikaja:

"Hia."

Nikajikuta chini, mikono ardhini. Bi Zainabu hakutikisika. Alibaki ametazama juu mpaka jua lilipomchoma macho, akayafuta kwa ncha ya kanga, akageuka.

"Haya," akasema. "Inuka, mwanangu. Treni haitatungoja."